Mhuri

Miaka mitatu nilikuwa mkurugenzi.
Kadi zangu zilichapwa Bishkek kwa herufi za dhahabu,
na mhuri, mzito kama yai la bata,
ulilala mfukoni mwa koti langu
pamoja na funguo za gari na mbegu za alizeti.

Kazi yangu ilikuwa kuketi.

Dada yangu Seide alikuja usiku,
theluji ya Aprili ingali mabegani.
"Ulan, benki wamenikataa.
Nyumba ina jina la mume,
kondoo wana alama ya baba mkwe masikioni,
na mume mwenyewe yuko Urusi, anapiga plasta majumba ya watu.
Karani kaniuliza, wewe una nini?
Nikamwonyesha hivi."
Akaweka viganja mezani,
vimechanika kwa maji ya moto na sabuni,
kwa kukanda sufu mpaka ishikane iwe zulia.
"Niazime jina," akasema.
"Jina tu. Mengine ninayo."

Nikampa. Nilikuwa nalo moja
na halikuwa na shughuli.

Wanunuzi wakaja kutoka Almaty.
Mkono walinipa mimi. Sifa walinipa mimi.
Seide akaleta chai.
Akaleta chai, jamani, mtu anayejua
kilo ngapi za sufu chafu huzaa kilo moja safi,
nani kati ya wanawake kumi na mmoja ana mimba
akate tu, asikande,
na wekundu wa mizizi gani haupauki juani.
Alipoinama kumimina
alininong'oneza bei,
nami nikaitamka kwa sauti nene.
Debe tupu. Nikavuma.

Mpaka siku ile ya Oktoba, chungu cha rangi kilipofurika uani,
Seide akatoka mbio,
na Bwana Yerzhan akauliza, akichovya mkate kwenye jamu:
"Zulia moja huchukua siku ngapi?"

Nikasema tatu.

Akaagiza sitini kabla ya mwaka mpya.
Nikapiga mhuri. Wino ulikuwa mwingi, ukang'aa.

Bibi Kanyshai hakupiga kelele.
Alihesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu,
kisha akaketi juu ya rundo la sufu
kama mtu aliyepokea habari za msiba.
Zulia moja ni siku ishirini na sita, mikono minne.
Seide aliuliza neno moja: "Umepiga?"
Akachukua funguo mfukoni mwangu, mbegu zikamwagika,
akalifukuzia lori kwenye barabara ya mlimani.

Alirudi alfajiri.
Mazulia kumi na mawili, bei juu kwa theluthi.
"Kwanza alitafuta mwanamume wa kuzungumza naye," alisema,
akivua viatu.
"Hapakuwa na mwanamume.
Palikuwa na pampu ya petroli, na mimi."

Ofisi ya usajili ina fomu, na fomu ina mstari:
sababu ya mkurugenzi kuacha.
Nikaandika: Hajui kazi.
Mwandikishaji akacheka, akanishauri niandike ugonjwa,
ni heshima zaidi, wanaume wengi huandika hivyo.
Nikamwambia aache kama lilivyo.
Sijui ushujaa huo niliutoa wapi. Haukurudi tena.

Sasa napakia lori.
Nalipwa kwa zulia, sawasawa na mpwa wa Kanyshai.
Niliomba nyongeza kidogo, kwa ajili ya undugu;
Seide alinitazama hadi nikakumbuka nina kazi nje.
Bwana Yerzhan bado hunyoosha mkono kwangu kwanza,
mazoea ni ngozi.
"Samahani," namwambia, "nimebeba."
Mkono unabaki hewani, unazunguka, unamtafuta mwenyewe.

Na ule mhuri wa zamani amepewa mtoto wa Seide.
Asubuhi anaupiga kwenye theluji uani,
Ulan mkurugenzi, Ulan mkurugenzi,
mstari mzima mpaka banda la kuku.
Ikifika saa sita
jua limeshatuyeyusha sote.