Zamu ya Alhamisi

Wabiwa kaingia saa nne na dakika tano.
Mwenye daftari leo ni mimi.
Nimeandika: koti la kijani, dawa ya presha mfukoni.

Mvua ya Middlesbrough hainyeshi, inanung'unika.
Tuko sita kando ya ukuta:
Doreen na chupa yake ya chai,
kijana wa Kikurdi ambaye Kiswahili chake chote ni "pole pole",
padri,
na mapacha wa Asukulu, waliogoma kwenda shule
tangu baba yao alipokuja hapa kutia saini
akatolewa mlango wa nyuma,
akapakiwa gari lisilo na madirisha.

Siku ile hatukuwa na daftari.
Kila mtu alidhani mwenzake anajua.

Sasa namba ya wakili tunaijua kwa ghibu.
Dakika ishirini, ndiyo kanuni. Zikipita, simu.
Simu moja huzaa tatu, tatu huzaa tisa,
hadi Bi Zaituni wa saluni afunge duka
aje na kitana bado mkononi.

Kumi na nne.
Doreen anamimina chai. Hakuna anayekunywa.
Kumi na saba.
Mlinzi anatuchungulia; tunampungia mkono, kwa adabu.
Kumi na tisa, kidole changu kiko juu ya kitufe

koti la kijani.

Hakuna aliyepiga kigelegele.
Wabiwa aliomba chai, akasema imepoa, akainywa yote.
Nikaandika: katoka.
Nikageuza ukurasa,
nikauliza ijayo ni zamu ya nani.