Kidato cha Tisa

Shule za nchi hii zilikomea kidato cha sita.
Babu yangu Nyangweso, aliyesomea randa na pimamaji,
alifika cha tisa, akakirudia mara tatu,
na leo nimetumwa mimi kukingʼoa.

Ngazi ina vidato kumi na saba vya mvule,
mvule wa Uganda ulioletwa na reli,
upana wa watu wawili wasiosalimiana.
Nyumba ilisimama Parklands mwaka wa nzige.
Mawe yalichongwa Njiru, vigae vikatoka Mangalore,
na juu ya mlango likakatwa jina la Mulchand Devraj Haria
kwa herufi zilizojikunja kama maranda.

Haria aliuza misumari Mtaa wa Biashara,
kwa kilo, kwa gunia, kwa daftari la mkopo.
Msumari mmoja wa nyumba yake mwenyewe
ukawa mfupi.

Mvua ya kwanza, kidato kikaanza kulia.
Babu akaja na nyundo. Velbai, mkewe Haria,
akamzuia pale pale, unga wa dengu mikononi:
"Acha. Mzee ana kisukari,
na jikoni mna jalebi."
Babu akalipwa shilingi mbili kwa kutofanya kitu.
Alisema hajawahi kupata kazi nzuri kama ile.

Kisha ukaja mwaka wa pasipoti na foleni.
Nyumba ikauzwa kwa bei ya milango yake.
Velbai alifagia vyumba vyote kumi na viwili,
akamkabidhi mgeni funguo
na jiwe la kusagia ambalo ndege isingelibeba.

Mgeni alikuwa Erastus Mʼikiara, mkubwa wizarani.
Alipiga plasta juu ya zile herufi,
akajaza sebule makochi ya ngozi,
akawa halali.
Babu akaitwa tena. Akapiga goti, akatoa nyundo.
"Acha," akasema mkubwa, sauti chini, taa zimezimwa.
"Siku watakayonijia alfajiri
nataka wanikute nimevaa viatu."
Hawakuja.
Ilikuja presha, saa nane mchana, mezani.

Wajane walikuwa wawili. Kesi ilikula miaka ishirini na miwili,
ikala shamba la chai, ikala gari, ikala wakili wa kwanza.
Karambu alikaa juu, Nkirote chini,
na kati yao amri ya mahakama: ngazi ni ya wote.
Hawakusemezana hata siku ya mvua ya mawe.
Babu alipokuja mara ya mwisho, mikono ikitetemeka,
Nkirote alimnywesha chai kwanza.
"Fundi, rekebisha vingine vyote.
Hicho ndicho kinaniambia kila asubuhi
kwamba yule mwanamke bado anashuka."

Asubuhi moja ya Julai, baridi ya kung'ata,
hakikulia.
Nkirote alisubiri mpaka uji ukafanya utando.
Kisha akapanda,
na kikalia chini yake yeye
kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze.

Sasa kuna uzio wa mabati na picha ya ghorofa,
watu waliochorwa bila nyuso wakitembeza mbwa.
Nimepewa siku nne. Kumi na sita nimeviuza Gikomba
kwa futi, kwa mtu wa kutengeneza kaunta za baa.
Hiki nimekibeba begani hadi Kariobangi.

Nimekiweka sakafuni. Nimekikanyaga.
Kimya.
Nimemwita mke wangu akikanyage, akanitazama,
akakanyaga. Kimya.
Mbao haikuwa na la kusema.
Msumari ninao mfukoni mwa shati:
inchi mbili, palipotakiwa tatu.