Kioo cha Delmira

Barabara iliishia Yurimaguas, topeni,
ikanikabidhi kwa mto bila hata kwaheri.
Siku tatu melini: saruji, ndizi mbichi,
nguruwe wawili waliofungwa miguu,
na juu ya mizigo, sisi, kila mtu na machela yake,
tumening'inia kama popo,
kiwiko changu ubavuni mwa nisiyemjua.

Delmira Tapullima hakutundika machela.
Alilala sakafuni kando ya kioo cha dirisha
alichokifunika blanketi kama mtoto mwenye homa.
"Kwetu Iquitos kila kitu ni mgeni," aliniambia.
"Msumari mgeni. Kitunguu mgeni.
Wenyeji ni mvua na samaki."
Akacheka, akakipapasa pembeni.
Kizima.

Asubuhi ya nne, bajaji!
Mji unavuma kama mzinga uliopigwa teke.
Zinakimbilia wapi zote hizi?
Njia ya kutoka ni moja, kilometa mia,
halafu Nauta,
halafu maji tena.

Kingoni mwa mto, majumba ya vigae vya Ureno,
bluu imebanduka, mimea imeota madirishani.
"Yalijengwa kwa mpira," alisema dereva.
Nikasita. Kwa lugha yangu neno ni moja:
mpira uliokamuliwa mitini,
migongo ya watu ikichapwa kwa kilo iliyopungua;
na mpira huu, wa watoto wa Belén,
uliobingirika kutoka chini ya nyumba zenye miguu
ukasimama kiatuni pangu, umelowa.
Niliupiga. Ukaenda mtoni.
Mmoja akajitosa kuufuata, akinitukana kwa furaha.

Jioni nikafika kwa Delmira, nyumba juu ya magogo,
imefungwa kamba isije ikaondoka.
Tundu la dirisha mumewe alilikata miezi saba nyuma.
Kioo kilizidi vidole viwili.
Tukakitazama. Hakuna aliyesema neno.
Mto wote ule, siku zote zile, vidole viwili.
"Kioo hakikatwi na msumeno," alisema Eleodoro,
"lakini ukuta unakatika,"
akaanza, na nyumba nzima ikacheza majini,
vikombe vikagongana rafuni.

Kesho yake nilipanda ndege.
Dakika chache tu, mji ukawa ukucha kwenye kijani.
Kitu kilimeta chini, mara moja.
Huenda ni bati.