Wa Kumi na Mbili

Mimi ndiye ninayechemsha maji.
Miaka kumi na tisa sasa, birika ni lile lile.
Kila Alhamisi Kuu nachanganya ya moto na ya baridi,
natumbukiza kiwiko
kama mama anayempimia maji mtoto mchanga,
mtoto ambaye mimi sikumpata.

Mwaka huu tulikuwa na wanaume kumi na mmoja.
Blazej, fundi wa mabomba, aliamka na homa.
Padre Cyprian akatoka nje bila koti, kwenye theluji
ambayo hapa Slovakia haijui kuwa ni Aprili,
akarudi amemshika mkono Vendelin Hruska,
aliyefunga na kufungua njia za treni
miaka arobaini, peke yake kibandani,
akiwapungia abiria waliokuwa wakitazama upande wa pili.
Alikuwa anapita tu, ametoka kununua mkate.

"Si mimi," alisema. "Miguu yangu mibaya."
Tukacheka kidogo, kwani hata Petro alikataa,
lakini Vendelin hakuwa akimwigiza mtu.
Aliona haya.
Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu,
kidole gumba kinachungulia kama jirani mmbeya.

Padre akapiga magoti. Nikashika taulo.
Maji yakapita juu ya mishipa iliyovimba,
juu ya kucha nene kama gome,
na kidevu cha mzee kikaanza kutetemeka,
vidole vikang'ang'ania kiti
kama mtu aliyesikia treni isiyo kwenye ratiba.

Tangu Ludmila azikwe hakuna aliyemgusa.
Daktari humgusa kwa glavu.
Muuza mkate humwekea chenji juu ya kaunta.
Mtu huweza kuishi hivyo, ndiyo,
kama kiazi kinavyoishi ghalani,
kikichipua chipukizi jeupe
kuelekea ufa wa mlango.

Tumezoea kusema Mungu ni upendo
kama tunavyosema kesho kutanyesha.
Jioni ile upendo ulikuwa na uzito wa kiganja,
na joto la maji niliyochemsha mwenyewe,
na ulianzia kisiginoni.

Misa ikaisha. Altare ikavuliwa vitambaa,
kengele zikanyamazishwa.
Nikabaki sakristia na karai la maji ya kijivu,
uchafu wa wanaume kumi na wawili.
Huwa nayamwaga chini ya mtufaa.
Sijui kilichonipata. Nilivua viatu.
Nikatia miguu yangu katika yale maji yaliyopoa,
nikakaa gizani kama mwizi,
nikamfikiria Yuda:
kumbe hata yeye alitoka usiku ule
na miguu safi. Hakurukwa.
Mimi nachemsha, mimi nakausha,
na hakuna aliyewahi kuniuliza,
Otilia, na wewe?

Mlango ukalia.
Vendelin. Alikuwa amesahau mkate wake chini ya benchi.
Tukatazamana. Ningesema nini?
Hakuuliza kitu. Akaweka kofia mezani,
akashuka: goti moja, akapumzika, goti la pili,
mifupa ikalia kama reli wakati wa barafu.
Akachukua taulo lile lile, bado lina unyevu,
akanikausha mguu wa kulia, kisha wa kushoto,
kidole kwa kidole,
kama mtu anayesafisha kitu alichoazimwa.

"Maji yamepoa," alisema.
Nikasema, "Najua."

Kuinuka ndiko kulikomshinda.
Nikamshika kwapani, yeye akanishika mabegani,
sakafu imelowa, miguu yangu mitupu inateleza,
tukayumba pale, wazee wawili,
hatuanguki wala hatusimami,
na juu yetu theluji ikaporomoka kutoka paani
kwa kishindo, yote kwa mara moja.