Mpaka Apate Joto

Sodankylä, Disemba, saa tisa alasiri,
na giza limeshaingia kitambo.
Nyuma ya gereji ya ambulensi
Pirkko ameilaza sanamu ya mpira
juu ya theluji, tangu asubuhi.
"Haya. Barafu ya ziwa imepasuka, huyu katumbukia.
Mapigo hakuna."

Aulis anapiga magoti. Anabonyeza kifua,
thelathini, pumzi mbili, thelathini,
mvuke ukimtoka kinywani
kama birika lililosahauliwa jikoni.
Nusu saa. Mikono inatetemeka.
Anainua uso:
"Si ameshakufa?"

Pirkko anavua glavu ya kushoto,
anamwonyesha kidole ambacho hakipo.
"Mimi nilikuwa baridi kuliko huyo.
Daktari aliita kwenye redio: acheni.
Kulikuwa na mwanafunzi, mwoga kama wewe.
Akajifanya redio imeharibika."

Anavaa glavu.
"Huku kwetu hafi mtu mpaka apate joto.
Andika hiyo. Au usiandike. Endelea."

Theluji inaanguka katika macho ya sanamu,
yaliyochorwa wazi.
Aulis anayafuta kwa kiwiko,
anainama tena, anahesabu
kwa sauti ya chini sasa,
kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala,
au anayetaka.