Kikombe Kinachofuka

Alama yake ni kikombe cha kahawa kinachofuka.
Mzee Zihindula aliitazama kwenye skrini, akacheka:
"Sisi tunalima, wao wanachora,
na nyumbani tunakunywa chai."
Kisha akauliza bei.
Nikamwambia Java ni bure.
Hapo ndipo alipoanza kunitilia shaka.

Ofisi ya ushirika iko Nguba, juu ya duka la betri,
ngazi ishirini na mbili, tatu za mwisho hazina saruji.
Seva ni kompyuta moja, kumbukumbu giga nne,
imefunikwa kitenge kwa ajili ya vumbi.

Nilikuwa na jedwali. Nguzo tatu, alama kwa kalamu ya risasi.

La kwanza jumba kubwa, lina kila kitu:
walinzi, foleni za ujumbe, vyumba ambavyo hatutalala.
Kuamka tu, dakika tisa.
Dakika tisa, na mkulima wa Kabare
ameshafunga gunia, ameshamfuata mnunuzi wa barabarani.

La pili, jipya, ndilo aliloling'ang'ania Murhula:
unabandika neno moja juu ya darasa,
mambo yanajipanga yenyewe.
Nikamwuliza, mlango anaufungua nani?
"Unafunguka," akasema.
Ana miaka ishirini na tatu.

La tatu, sevleti tupu.
Ombi linaingia, jibu linatoka,
kama dirisha la posta enzi barua zilipokuwa zinafika.
Maneno mengi ya kuandika, lakini yote nayaona.

Wiki tatu nikapima, nikafuta, nikapima,
hadi Nabintu wa mizani, kalamu nyekundu sikioni,
akasema bila kugeuka:
"Umeme ukikatika nimeandika kilo, sijaandika bei,
hiyo mashine yako itakumbuka nini?"

Nikanyamaza.

"Maana daftari langu hukumbuka nusu.
Na nusu ndiyo inayotugombanisha."

Jedwali nikalichana. Nikaanzia kwake:
kilo na bei na jina, vyote viingie pamoja
au kisiingie hata kimoja.
Mengine yote yakawa madogo.
Nikachukua dirisha la posta,
nyuma yake hifadhidata inayojua kufunga muamala,
na msimbo ambao Murhula atausoma
siku nitakapokuwa sipo.

Usiku nikachomoa waya kwa mkono wangu,
mara kumi na moja, ziwa limenyamaza kule chini.
Mara ya tisa ikakumbuka nusu.
Mstari mmoja, nilikuwa nimeusahau mimi, si Java.
Nikaurekebisha kwa mwanga wa simu.

Asubuhi Nabintu alipanda ngazi,
akabonyeza, akasoma, akabonyeza tena.
Daftari bado lilikuwa kwapani.
"Nitaandika kotekote," akasema,
"hadi Pasaka. Halafu tutaona."