Bahasha Iliyogeuzwa

Miaka thelathini na mmoja nilipanga barua za watu
katika posta kuu ya Bridgetown,
na sikuwahi kusoma hata moja.
Sasa nimestaafu, nasoma bahasha tupu.

Ianthe, mke wangu, anasema ni taka iliyopigwa muhuri.
"Wenzako wamestaafu wakafuga mbuzi," anasema,
"wewe unafuga mate ya wafu."
Hakosei. Kila stempu ililambwa.
Nyuma ya uso wa malkia asiyezeeka
umekauka ulimi wa mtu aliyezeeka.

Jumamosi, Swan Street, dukani kwa Aubrey Skeete,
kati ya saa mbovu na vijiko vya fedha,
niliiokota: mwaka elfu moja mia nane sabini na tisa,
kutoka Barbados kwenda Demerara.
Stempu yetu ya zamani, nyekundu iliyopauka,
mwanamke mwenye mkuki ameketi juu ya magunia ya sukari
kana kwamba aliyabeba yeye.
Pembe moja ya bahasha imeliwa na mende.
Skeete aliniuzia kwa bei ya mende.

Usiku niliinyanyua kwa kibano mbele ya taa
nione kama karatasi ina alama ya maji,
nikaona, tumboni mwake,
mwandiko mwingine, umelala chali.

Siku zile karatasi ilikuwa ghali.
Mtu aliifumua bahasha aliyoletewa,
akaigeuza kama fundi ageuzavyo kola iliyochakaa,
akaigundisha upya, akaandika upande safi.
Nje: Bwana Josiah Thorne, kiwanda cha sukari, Demerara.
Ndani: Bi Keziah Thorne, Speightstown,
na merikebu ya buluu, stempu ya koloni ile,
imegongwa muhuri mweusi, A, sifuri, tatu,
katikati ya matanga.

Karatasi moja.
Ilikwenda kwake, ikarudi kwake.

Mihuri haisemi uongo, ila haisemi mengi.
Ilimfikia tarehe kumi na nne Mei.
Ilimtoka tarehe mbili Agosti.
Nimehesabu kwa vidole, nikarudia kwa kalenda:
siku themanini.
Kwa nini siku themanini, Keziah?
Ulikosa senti, au ulikosa neno?
Au ulikuwa nalo, ukangoja lipoe?

Nilimwamsha Ianthe, saa nane za usiku.
Akavaa miwani. Akatazama kwa muda mrefu,
jambo ambalo hajawahi kulifanya.
"Na barua zenyewe?"
"Hazipo. Sisi tunakusanya maganda."
"Basi hamjui alijibu nini."
"Hatujui."
Akazima taa. Gizani akasema,
"Siku themanini si nyingi."

Novemba chama chetu kilifanya maonyesho.
Fremu haina mgongo: uso mmoja tu, mwingine ukutani.
"Chagua merikebu," Bi Dorothea Pilgrim alinishauri,
jaji wetu, mwenye lenzi shingoni,
"ile ndiyo yenye pointi."
Nikachagua pembe iliyoliwa na mende,
mwandiko wa Keziah unaopanda kilima
kila anapofika kwenye herufi ya T.
Nikapewa shaba.
Dhahabu ilikwenda kwa pembetatu za Rasi ya Tumaini Jema,
safi, hazijagongwa, hazijawahi kwenda popote.

Leo asubuhi nimekuta mezani
bahasha ya bili ya umeme, imefumuliwa,
imegeuzwa ndani nje, na kwa kalamu ya risasi:
unga, samaki wa chumvi, limau mbili,
dawa yako ya presha, usijifanye umesahau.
Haina stempu. Haina muhuri wala tarehe.
Nimeichukua kwa kibano
nikaitia kwenye albamu, ukurasa wa Thorne,
nikaandika chini yake kwa mwandiko wangu wa posta:
Ianthe, jikoni, kwa mkono.

Nimerudi kutoka dukani na limau tatu.
Unga sikununua. Orodha sikuwa nayo.